Nguvu Inayotafuta Kazi

Kifurushi kikifika, mnunuzi wa leza kali ya mkononi hukuta ndani yake mrija wa alumini unaojaa kiganjani, betri ya lithiamu, mara nyingine ufunguo mdogo wa usalama, na lebo ya manjano yenye alama ya hatari. Lebo inasema daraja la nne. Katika utaratibu wa kimataifa wa kupanga leza kwa hatari zake, daraja la tano halipo. Leza nyekundu ambayo mwalimu huonyeshea ramani ukutani haitakiwi kuvuka miliwati 5. Daraja la nne huanza zinapovukwa miliwati 500, na vifaa ninavyovizungumzia hapa hutoa wati nzima, mara 200 ya leza ya mwalimu. Siku hizi vipo vinavyozidi hapo.

Nimesoma na kutazama simulizi nyingi za watu walionunua vifaa hivi, na kinachonivuta kila mara ni ile saa ya kwanza. Mtu amelipa, amesubiri, forodha imemruhusu, na sasa ameshika mkononi nguvu ambayo hana kazi nayo. Seremala akipokea randa mpya, ubao unamsubiri. Huyu hasubiriwi na chochote. Basi anafanya kitu pekee anachoweza kukifanya: anaijaribu. Akimaliza kuijaribu, anatafuta kitu kingine cha kuijaribia. Matumizi yake yote ni majaribio, na ndipo wasiwasi wangu unapoanzia.

Mambo haya yana mwaka wake, nao ni 2010. Mwanzoni mwa mwaka huo kampuni ya Casio ya Japani ilitangaza projekta zisizohitaji taa ya zebaki. Badala ya taa ziliwekwa diodi za leza ya buluu, 24 katika baadhi ya modeli. Mwanga wao wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 445 uligonga gurudumu lililopakwa unga unaong'aa, ukageuka kijani. Nyekundu ilitoka kwenye LED, na rangi tatu zikatengeneza picha. Kilikuwa kifaa cha darasani na cha chumba cha mikutano. Leza ilikuwa imefungiwa ndani, na mtazamaji aliona picha tu, kama ilivyokusudiwa.

Wapenzi wa leza waliona kitu kingine. Kabla ya hapo, wati nzima ya mwanga wa buluu ilikuwa mali ya maabara na viwanda. Sasa ilikuwa ndani ya sanduku linalouzwa dukani. Wakanunua projekta mpya kabisa, wakazipasua, wakang'oa diodi moja moja na kuuziana. Kufikia katikati ya mwaka, kampuni ya Wicked Lasers ya Hong Kong ilikuwa inauza Spyder III Arctic, diodi ya aina hiyohiyo ndani ya mpini wa alumini, kwa bei isiyofika dola 200. Umbo la mpini lilifanana mno na upanga wa mwanga wa filamu za Star Wars, hata Lucasfilm ikaiandikia kampuni barua ya onyo mwezi Julai. Barua ikawa habari, na habari ikawa tangazo ambalo hakuna fedha ingelinunua.

Nasikitika ninapoifikiria safari ya mwanga huo. Kutengeneza diodi inayotoa buluu kuliwashinda wahandisi kwa miongo kadhaa. Isamu Akasaki na Hiroshi Amano wakiwa Nagoya, na Shuji Nakamura akiwa katika kampuni ya Nichia huko Tokushima, walikomaa na fuwele za galiamu nitridi wakati wengine walikuwa wamezikatia tamaa. LED ya buluu yenye nguvu ilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1990, na diodi ya leza ikafuata katikati ya muongo huo. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014 kwa sababu LED hiyo iliwapa watu taa nyeupe inayokula umeme kidogo. Taa hizo leo ziko katika nyumba zetu, hata zile zisizo na waya wa umeme na zinazotegemea paneli ndogo ya jua. Kutoka katika elimu hiyohiyo, miaka isiyofika 20 baadaye, mtu anaagiza mrija wa kuchomea mkanda mweusi wa umeme.

Leza yenyewe, kwa kweli, ilizaliwa ikiwa haina kazi. Theodore Maiman aliiwasha ya kwanza tarehe 16 Mei 1960 katika maabara ya Hughes huko Malibu, California, kwa kipande kidogo cha rubi na taa ya kumulikia ya mpiga picha. Ilipotangazwa, magazeti yalikimbilia kuandika juu ya mwale wa kifo. Msaidizi wake, Irnee D'Haenens, ndiye anayekumbukwa kwa kusema kwamba walikuwa wamepata suluhisho linalotafuta tatizo.

Matatizo yalipatikana, tena mengi kuliko walivyoota. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika pwani yetu kupitia chini ya bahari, na mwaka uliofuata ikawashwa EASSy. Mwaka huohuo watu wa kwingine walikuwa wanafungua vifurushi vya Arctic. Ndani ya nyaya hizo kuna nyuzi za kioo, na ndani ya nyuzi kuna leza ambazo nguvu ya kila rangi yake huhesabiwa kwa miliwati. Salamu za Idd, ada ya mtoto anayesoma nje, picha ya mjukuu aliyezaliwa ughaibuni, zote hupita humo. Miliwati chache zenye kazi zimebadilisha maisha ya Mombasa na Dar es Salaam. Miliwati 1,000 zisizo na kazi hutoboa puto.

Nisiwaonee wanunuzi, kwa maana majaribio yao yana fizikia ya kweli ndani yake. Karibu kila simulizi hupitia njia ileile. Kwanza ni njiti ya kiberiti. Mwale ukipangwa kwa lenzi ya mbele hadi doa liwe dogo, kichwa cha njiti hutoa moshi, kisha hulipuka. Halafu ni mkanda mweusi, halafu mfuko mweusi wa plastiki, halafu kipande cha mbao ambacho mtu hukichora jina lake kwa masizi. Karatasi nyeupe hukataa. Mnunuzi hushangaa, maana karatasi ndiyo aliyotarajia iwake mwanzo. Akiipaka nukta ya wino mweusi na kulenga hapo, inatoboka mara moja. Mwanga haufanyi kitu pale unaporudishwa. Hufanya kazi pale unapomezwa. Mtoto aliyewahi kukusanya jua kwa kioo cha kukuza ili kuunguza jani analijua hilo bila kufundishwa.

Puto ndilo linalofundisha zaidi. Puto jeusi hupasuka papo hapo. Puto lisilo na rangi huupitisha mwale, nao huendelea na safari yake kana kwamba hapakuwa na kitu. Arthur Schawlow, aliyeandika na Charles Townes nadharia ya leza mwaka 1958, alilifanya jambo hili kuwa onyesho lake maarufu. Alichukua puto kubwa linaloonyesha ndani, na ndani yake puto jingine lenye rangi, lenye masikio ya Mickey Mouse. Alilenga kwa bunduki ya kuchezea aliyoificha leza ya rubi ndani yake. La ndani likapasuka, la nje likabaki zima. Watu walicheka na kupiga makofi. Lakini Schawlow, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1981, alikuwa na neno la kuwaambia: kama mwanga unaweza kupita kwenye ngozi ya puto la nje bila kuidhuru na kufanya kazi ndani, basi unaweza kupita kwenye konea ya jicho la binadamu bila kuikata, ukamtibu mtu retina yake.

Na ukiweza kutibu kwa njia hiyo, unaweza kuharibu kwa njia hiyohiyo. Jicho ndilo puto lile la Schawlow. Sehemu zake za mbele ni angavu, zinaupitisha mwale. Kisha, tofauti na puto, lina lenzi, nayo hufanya kile ambacho mnunuzi amehangaika kukifanya kwa kuzungusha lenzi ya mbele ya mrija wake: hukusanya. Mwanga unaoingia kwenye mboni iliyofunguka hufika kwenye retina ukiwa umeongezeka ukali takriban mara 100,000, na retina ni nyeusi kwa nyuma, imeumbwa kumeza mwanga. Kwa leza ya mwalimu, kupepesa hutuokoa mara nyingi; kope hufunga ndani ya robo ya sekunde hivi. Kwa wati nzima, robo ya sekunde ni ndefu mno. Jeraha limekwisha kutokea kabla ya kope kujua, na sehemu ya katikati ya retina ikiungua, hakuna miwani itakayoirudisha.

Mtu anayefurahia puto lake likipasuka sebuleni, basi, anaangalia mfano wa jicho lake mwenyewe. Natamani kila anayefungua kifurushi hiki aambiwe hivyo kabla ya betri kuingia. Onyo la kwenye lebo linataja hatari, lakini halisemi kwamba burudani na jeraha ni tukio moja lililotokea mahali pawili.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wa leza ya buluu hulisema mara kwa mara, nalo ni hili: walitarajia mwanga mkali zaidi. Waliokuwa na leza ya kijani ya bei ndogo waliweka mbili hizo sambamba, wakaona kwamba buluu ya wati nzima haipishani sana kwa kung'aa na kijani ya makumi machache ya miliwati. Wengine walidhani wamepunjwa. Hawakupunjwa. Macho yetu hayaoni rangi zote kwa usawa. Mchana huona vizuri kuliko zote kijani ya kama nanomita 555. Mwanga wa nanomita 532 wa leza za kijani tunauona kwa karibu asilimia 88 ya kilele hicho, na wa nanomita 445 kwa kama asilimia 3 tu. Nguvu iko palepale, sisi ndio hatuioni. Retina humeza joto lote hata lile ambalo ubongo umearifiwa kidogo, na buluu ina ubaya wake wa ziada, kwa kuwa huweza kuidhuru retina kwa njia ya kemia hata pasipo kuiunguza. Kwa hiyo mtu anakaza macho kwenye doa lililoko ukutani kwa sababu halionekani kutisha. Katika daraja la nne hata doa hilo, mwanga uliotawanywa na ukuta mkavu usio na kioo, si la kukaziwa macho kwa karibu.

Jicho, basi, ni kipimo kibaya cha kitu hiki, na hapo wanunuzi hugawanyika. Wengi huendelea kupima kwa kuunguza. Wachache huagiza mita ya nguvu ya leza, kibamba cheusi kinachopata joto kikipigwa na mwale na kugeuza joto hilo kuwa tarakimu. Hawa wachache ndio ninaowaheshimu. Majaribio yao hayapendezi kutazama: mtu kavaa miwani, kaweka mrija kwenye kishikizo, anaandika namba kila baada ya sekunde kadhaa jinsi diodi inavyopata moto na nguvu inavyoshuka. Lakini wao ndio waliogundua kwamba lebo haiaminiki. Mara kifaa hutoa pungufu ya kilichoahidiwa, nao hulalamika. Mara hutoa zaidi, na hapo wengi hushangilia, jambo ambalo linapaswa kututia hofu kuliko pungufu.

Maabara rasmi zilifikia hitimisho la namna hiyo. Mwaka 2013 watafiti wa NIST, taasisi ya taifa ya vipimo ya Marekani, walitangaza matokeo ya kupima leza 122 za kuonyeshea, za aina zinazouzwa kwa watu wa kawaida. Karibu asilimia 90 ya za kijani na asilimia 44 hivi ya nyekundu zilivunja masharti ya usalama ya nchi hiyo. Miaka mitatu kabla, watafiti wa taasisi hiyohiyo walikuwa wameeleza kisa cha leza ya kijani ya bei rahisi iliyokuwa inatoa mwanga usioonekana mwingi kuliko unaoonekana. Kijani hicho hupatikana kwa njia ndefu: diodi ya infraredi husukuma fuwele, fuwele hutoa infraredi nyingine ya nanomita 1,064, na fuwele ya pili huugawa urefu huo wa mawimbi mara mbili ukawa 532. Kichujio cha kuzuia mabaki ya infraredi hugharimu fedha, na anayetaka kuuza kwa bei ya chini hukiacha. Mnunuzi huona kijani dhaifu, hudhani kifaa ni kibovu, hukitazama vizuri. Kope hazipepesi kwa mwanga usioonekana.

Hakuna simulizi ya mnunuzi inayoishia sebuleni. Usiku ukiingia, mtu hutoka nje na kuinua mkono. Mwale wa wati moja huonekana wote, kutoka mkononi hadi juu, kwa sababu hewa yenyewe na vumbi lake hutawanya mwanga, na hewa hupenda kutawanya buluu kuliko nyekundu. Ndiyo sababu mbingu ya mchana ina rangi iliyo nayo. Walioeleza wakati huo huacha lugha ya vipimo. Wanasema walihisi kushika nguzo, kugusa wingu. Nawaelewa. Binadamu amesimama chini ya mbingu tangu kale na mkono wake umeishia kwenye vidole. Ndiyo maana pia wanaowafundisha watoto nyota hupenda leza ndogo ya kijani: kidole hakiwezi kuonyesha nyota moja kati ya nyingi, mwale unaweza. Hiyo ni kazi, na miliwati 5 zinaitosha.

Shida ni kwamba macho hudanganywa tena. Mwale ukitazamwa kutoka chini huonekana kama una mwisho, kama fimbo iliyoishia mahali fulani juu. Hauna mwisho. Unatanuka tu. Mwale unaotanuka kwa miliradiani 1.5 huwa na upana wa mita moja na nusu ukifika kilomita moja, na mita nne na nusu ukifika kilomita tatu. Hapo hauunguzi tena, lakini ukigonga kioo cha mbele cha ndege inayoshuka, kila mkwaruzo wa kioo hicho huwaka na rubani hupoteza njia ya kurukia mbele ya macho yake. Marekani ilipokea taarifa 2,836 za ndege kumulikwa mwaka 2010. Mwaka 2012 ikapitishwa sheria ya kifungo cha hadi miaka 5. Mwaka 2023 taarifa zilikuwa 13,304. Australia ilizuia uingizaji wa leza kali tangu 2008. Siamini kwamba wote waliomulika walikuwa na nia mbaya. Naamini wengi walikuwa wamemaliza vitu vya kujaribia nyumbani.

Sisi wapenzi wa mpira tulikiona kitu hiki kwa macho yetu tarehe 29 Machi 2022, Senegal ilipocheza na Misri huko Diamniadio kugombea nafasi ya Kombe la Dunia. Mohamed Salah alisogea kupiga penalti uso wake ukiwa umejaa kijani, mpira ukapaa. FIFA iliitoza Senegal faini ya faranga za Uswisi 175,000 kwa hilo pamoja na makosa mengine ya siku hiyo. Watu walibishana kuhusu haki ya matokeo. Mimi niliyatazama yale macho. Hakuna aliyekuwa na mita jukwaani. Hakuna aliyejua ni miliwati ngapi zilizokuwa zinazunguka usoni mwa kijana wa watu, na huenda leza nyingine zilikuwa zimenunuliwa sokoni kwa bei ya mlo.

Majeshi yenyewe yalijiwekea mpaka. Tarehe 13 Oktoba 1995, huko Vienna, mataifa yalikubaliana itifaki inayopiga marufuku silaha za leza zilizoundwa mahususi kupofusha, nayo ikaanza kutumika mwaka 1998. Walikaa watu wanaokubali mabomu na bunduki, wakaona kwamba kumwacha adui hai bila macho ni ukatili usiovumilika hata vitani. Tangu hapo nguvu inayotosha kupofusha imeshuka bei mpaka imeingia katika bajeti ya zawadi ya siku ya kuzaliwa.

Sisemi nguvu kubwa ya mwanga ni uovu. Huko Paranal, jangwa la Atacama nchini Chile, darubini moja hurusha angani leza nne za rangi ya chungwa, kila moja wati 22, ili kuwasha atomi za sodiamu zilizoko kama kilomita 90 juu na kupata nyota bandia ya kurekebishia mtikisiko wa hewa. Ndege ikikaribia, leza huzimwa. Ni mara nyingi ya nguvu ya mrija wowote wa mkononi, na hainipi wasiwasi, kwa sababu kila wati imeulizwa inakwenda wapi.

Aliyekwisha kununua, na wapo vijana wetu walionunua, nisingemwambia aitupe kesho asubuhi. Ningemwambia abadili mpangilio wa majaribio na aanze na miwani ya kinga. Iandikwe wazi kuwa ni ya nanomita za leza yake, maana miwani ya leza ya kijani si lazima izuie buluu, na ile ya plastiki ya rangi inayotupiwa bure ndani ya kifurushi huenda haizuii chochote. Asiivae bado. Aifunge leza kwenye kishikizo mbele ya mita, asimame nyuma ya mrija, mlango umefungwa, saa na vioo vimeondolewa, wadogo zake wako chumba kingine, na macho yake yenyewe yasielekee kule mwale unakokwenda. Apime kwanza bila miwani, kisha aiingize miwani katikati. Kioo chenye kinga ya kipimo cha 4, kisichohusiana na daraja la nne la leza, hupitisha sehemu moja katika 10,000: kati ya miliwati 1,000 inabaki 0.1, na mita nyingi za bei nafuu zitaonyesha sifuri. Kioo kisitoe moshi, kisivimbe, kisibadilike rangi. Ikiwa tarakimu itapanda juu ya sifuri au kioo kitaanza kulainika, betri itolewe na irudi kwenye sanduku lake mpaka miwani nyingine ipatikane, hata kama itagharimu nusu ya bei ya leza yenyewe.